Kikohozi Tulichokificha: Maisha ya Mwalimu Nasma Abdulrahim, 1968 hadi 2025

Mashehe wetu, wazee wangu, mchungaji uliyefuatana na walimu wa Buigiri, ndugu wa Kondoa mliosafiri tangu alfajiri, majirani wa Chamwino na nyote mliofika, assalaam aleikum, na poleni sana kwa msiba huu. Naitwa Shaaban Abdulrahim, ni kaka wa marehemu, tumbo moja, na ingawa katika familia yetu wapo wasomi wenye sauti nzuri kuliko yangu na macho yasiyohitaji miwani, kazi ya kusoma maisha yake imeniangukia mimi kwa amri yake mwenyewe, na sababu ya amri hiyo mtaisikia itakapofika mahali pake, kwa hiyo naomba mnivumilie, hasa pale sauti yangu itakapokatika.

Mwalimu Nasma Abdulrahim Mrisho alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 1968, kijijini Mnenia, wilaya ya Kondoa, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa mzee Abdulrahim Mrisho, aliyekuwa mkulima wa ufuta na mfugaji wa nyuki, na bibi Kuluthumu Athuman. Watatu kati yetu walitangulia wakiwa wachanga, tukabaki wawili, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho, tukiachana miaka kumi na miwili, hata watu wasiotujua walidhani mimi ni baba yake mdogo. Mama yetu alifariki tarehe 2 Septemba 1974, Nasma akiwa na umri wa miaka sita, na kwa miaka arobaini na miwili iliyofuata kila aliyeuliza alijibiwa kwamba bibi Kuluthumu aliondoka kwa pumu. Nasma mwenyewe alijibiwa hivyo.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi Mnenia mwezi Januari 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, akiwa msichana pekee wa mwaka ule katika kijiji chetu aliyechaguliwa kwenda sekondari. Baba hakutaka aende, alisema msichana asiye na mama akiwa mbali ataharibika, lakini Nasma alikwenda kumkuta kwenye mizinga yake, akakaa chini, nyuki wakimzunguka, mpaka baba akaogopa kwamba ataumwa na kumwambia, "Basi, inuka, utakwenda." Alisoma sekondari mjini Dodoma kuanzia mwaka 1983 hadi 1986, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu Mpwapwa, ambako alihitimu mwaka 1989, na mwaka huohuo akapangiwa kazi ya kwanza huko Kibakwe, katika wilaya ileile ya Mpwapwa.

Ni Kibakwe alikopata kazi yake hasa, nikiwa na maana ya kazi ya maisha, siyo ile ya barua ya serikali. Mwaka 1991 aligundua kwamba kila asubuhi, nje ya dirisha la darasa lake, huja mtoto wa kike wa miaka saba asiyeona, anakaa juu ya tofali na kuitikia majibu ya hesabu pamoja na wenzake waliomo ndani, tena mara nyingi akiwatangulia. Nasma aliwafuata wazazi wa mtoto huyo mlimani, akazungumza nao siku tatu mfululizo, na siku ya nne akapanda lori la vitunguu akiwa na mtoto yule, akamfikisha Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Mtoto huyo ni Mwalimu Ruthu, aliyekuja kufundisha naye hapohapo Buigiri, ambaye ameketi pale mstari wa mbele akiwa na fimbo yake nyeupe, na ambaye ameniomba nisimsifie sana, kwa hiyo nitaishia hapo kwa sasa.

Baada ya safari ile Nasma hakutulia, aliomba masomo ya elimu maalumu, akayasoma kwa miaka miwili katika chuo cha Patandi, na tarehe 14 Julai 1997 akaripoti Buigiri kama mwalimu wa maandishi ya nukta nundu, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minane hadi wiki aliyofariki. Wanaoijua mashine ya kuandikia nukta nundu wanajua kwamba ni chuma kizito chenye vitufe sita, na kila herufi inahitaji vidole kadhaa vibonyeze kwa pamoja na kwa nguvu, na marehemu alikuwa akiandika kitabu kizima cha hadithi kwa wiki mbili, akiongea huku anaandika, akinywa chai yenye tangawizi nyingi kiasi cha kumtoa mgeni machozi.

Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na Bwana Jamaldini Anuari, mfanyabiashara wa vitambaa na vifaa vya ushonaji katika soko kuu la Dodoma, wa ukoo wa wale waliofika mjini hapa tangu enzi za misafara na wasiondoke tena. Shemeji yangu, pole sana. Walijaliwa watoto wawili, Hashimu, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1998, ambaye ni fundi umeme, na Asma, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 2003, ambaye ni muuguzi, na pia ameacha mjukuu mmoja, binti wa Hashimu, ambaye jina lake nitalitaja baadaye.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na katika historia nyingi za marehemu sehemu hii huwa na mistari miwili, aliugua kwa muda mrefu, akatibiwa hospitali mbalimbali, lakini marehemu alikataza mistari miwili, alisema isomwe yote.

Mwezi Aprili 2009, akikaribia miaka arobaini na mmoja, alianza kuamka na vidole vilivyokakamaa, haviwezi kufunga kifungo mpaka jua liwe limepanda, kisha vikavimba, vifundo vya mikono na magoti vikafuata, na mwaka 2010 akaambiwa ana baridi yabisi, lakini si ile ya uzee tunayoijua sisi wenye magoti mabovu, ni ile ambayo kinga ya mwili wenyewe inavishambulia viungo vya mwenye mwili. Alipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na vingine vya kupunguza uvimbe vya kila siku, vikamsaidia kiasi, lakini kila mwaka vilimsaidia kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na ilipofika katikati ya mwaka 2015 hakuweza tena kubonyeza vitufe vya mashine. Mwalimu Ruthu alianza kumwandikia, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akibonyeza, na wanafunzi hawakuambiwa, ila waligundua, kwa sababu walisema nukta za Mwalimu Nasma zilikuwa zikichimba karatasi zaidi.

Mwezi Novemba 2015 alipelekwa kwa bingwa wa magonjwa hayo, Daktari Evelina, ambaye yupo hapa pamoja nasi, na ambaye amekubali nimtaje. Mimi si mtu wa hospitali, nilikuwa bwana shamba kule Hombolo, najua mizabibu na maradhi yake, kwa hiyo nitakayoyasema nayasema kama nilivyoelezwa. Daktari alimweleza mdogo wangu kwamba chembe za kinga katika damu hupelekeana habari kwa vitu vidogo sana ambavyo wataalamu huviita saitokini, na kwamba mojawapo ya habari hizo, iitwayo TNF, kwa mtu mzima wa afya hutolewa pale kijidudu kinapoingia, damu ikajaa mahali hapo, joto likapanda, kazi ikafanyika, kisha ikakoma, lakini kwake yeye haikomi, inaendelea kutolewa ndani ya viungo mchana na usiku ingawa hakuna adui, na hiyo ndiyo inayomla mifupa. Ipo sindano, alisema, inayoikamata TNF kabla haijafika inakokwenda, na ulikuwapo mpango wa utafiti ambao ungempa sindano hiyo.

Kabla ya kuanza, daktari alimpima kifua kikuu, maana ndiyo sharti la dawa hiyo. Kipimo cha ngozini hakikuonyesha kitu, ila daktari alisema hakukiamini moja kwa moja, kwa kuwa vidonge alivyomeza miaka mitano vinaweza kukinyamazisha, na kwenye picha ya kifua palikuwa na kovu dogo juu ya pafu la kulia, linaloweza kuwa la TB ya zamani na linaweza kuwa la nimonia ya utotoni. Akamwuliza kama kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu nyumbani kwao. Nasma akasema hajui, alikuwa mdogo, mama alikuwa na pumu, ngoja ampigie kaka.

Akanipigia. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 26 Novemba 2015, mimi nimo shambani Hombolo nakagua mizabibu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba Nasma, hujambo?"

"Sijambo. Kaka, daktari anauliza, kwetu kuna mtu aliwahi kuumwa TB? Mama, baba, yeyote?"

Ndugu zangu, wiki ile wakwe walikuwa wameleta posa ya binti yangu, na nilichokiona mbele yangu hakikuwa daktari wala dada, nilichokiona ni wakwe wakisikia kwamba ukoo huu una kifua kikuu.

Nikamjibu, "Hakuna. Mama alikuwa na pumu, unajua mwenyewe."

"Una hakika?"

"Nasma, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Pumu."

Akanishukuru, akaniombea kwa Mungu, akakata simu.

Ukweli ni kwamba mama yetu alikohoa damu mwaka mzima wa 1973 na nusu ya 1974, na hospitali walisema kifua kikuu, wakaanza kumdunga sindano, na baba alipoona wanunuzi wa asali wameanza kupita kwenye mizinga ya jirani, alimtoa mama hospitali kabla dawa hazijaisha, akaniita mimi niliyekuwa na miaka kumi na minane, akasema, "Shaaban, neno hili lisivuke ukuta huu." Nasma alikuwa akilala na mama kitanda kimoja mpaka siku ile ya Septemba. Nilikuwa nikijua hivyo nilipokuwa nimeshika simu.

Sindano zilianza tarehe 18 Januari 2016, na kusema kweli, zile wiki za mwanzo zilikuwa sikukuu. Mwezi Machi alinipigia kunieleza kwamba amesonga ugali mwenyewe, wa watu wanne, na Jamaldini amekula huku analia kama mtoto, na Jamaldini akadakia simu kusema si kweli, ni moshi. Alirudi kwenye mashine yake, wanafunzi wakapapasa karatasi, wakapiga makofi.

Mwezi Juni alianza kupata homa za jioni na kutoka jasho mpaka shuka linalowana, zahanati ya kwanza aliyokwenda wakadhani ni malaria, ya pili wakadhani ni homa ya matumbo, akapungua kilo kumi na moja, tezi za shingo zikavimba, na tarehe 22 Agosti 2016 akalazwa, akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Nilifika siku ya pili yake asubuhi. Nilipomwona kitandani nilimwona mama, sisemi alifanana naye, nasema nilimwona mama yangu, mifupa ileile ya shingo, macho yaleyale makubwa, na kikohozi kilekile cha kujizuia ili asiwaamshe watu.

Daktari Evelina alinikuta nje ya wodi nimeegemea ukuta.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye kaka yake?"

"Marahaba. Ndimi."

"Mzee wangu, tumechukua makohozi yake, majibu kesho, lakini mimi nataka nikuulize tena lile swali. Usinijibu haraka. Nyumbani kwenu hamkuwahi kuwa na TB?"

 Nikamwambia yote, mama, damu, sindano zilizokatizwa, asali, kitanda kimoja, simu ya Hombolo. Nilitegemea anifokee, na ningeshukuru kama angenifokea, lakini alikaa kwenye benchi, akanionyesha nikae, akasema, "Ahsante. Sasa leo hii tunaanza dawa, hatusubiri kesho."

Nikamwuliza imekuwaje, maana kama vijidudu viliingia mwaka 1974 vilikuwa wapi miaka yote hiyo, mbona alizaa, alisoma, alifundisha, hakukohoa?

Alisema, "Mzee, wewe ni mtu wa huku, unajua boma la miiba. Mtoto yule alipovuta vijidudu vya mama yake, kinga yake haikuviua, ila ilivizungushia chembe pande zote, ikavifungia palepale kwenye lile kovu, vikakaa humo vimelala miaka arobaini na zaidi. Na kinachozishika chembe hizo zisiachane, zikae pamoja siku zote, ni habari ileile ya TNF. Ileile iliyokuwa ikimla viungo. Mimi niliizima ili kuokoa mikono yake, na boma likafunguka."

"Kwa hiyo sindano ni sumu?"

"Hapana. Sindano ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ningejua kuhusu mama yake, ningempa kwanza vidonge vya kuviua vile vilivyolala, miezi kadhaa tu, ndipo tuanze. Hicho ndicho kilichokosekana."

Hicho ndicho kilichokosekana, na mwenye nacho nilikuwa mimi.

Sindano ile ilisimamishwa, dawa za TB zikaanza, na tulidhani sasa ataamka siku hiyohiyo, lakini TNF iliporudi mwilini mwake ilirudi kwa nguvu zote, tezi zikavimba zaidi, homa ikapanda zaidi, na viungo vikafunga upya, hata kijiko alikuwa akilishwa na Asma, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Daktari alitueleza kwamba hilo hutokea, kinga inaporudi hukuta vijidudu vimetapakaa na kuvishukia vyote kwa wakati mmoja, akaongeza dawa ya kuituliza, akatuambia tungoje, tukangoja wiki tatu, na siku ya ishirini na mbili homa ilishuka na haikupanda tena.

Siku chache baadaye aliniita niketi karibu. Nilikuwa sijamwambia, nilimwomba daktari asimwambie, na daktari alikataa kunifichia, alinipa mpaka Ijumaa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Daktari anasema una neno."

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha swali lake la kwanza halikunihusu.

"Mama alikuwa akikohoa usiku?"

"Sana."

"Mimi nakumbuka mkono wake mgongoni mwangu, ananigeuza. Nilikuwa nadhani nilikuwa nakoroma. Kumbe alikuwa ananigeuza nisimwelekee."

Akalia, nami nikalia, na muuguzi akaja kutuuliza kuna nini. Alipotulia alisema, "Kaka, sikusamehe leo. Nina hasira na nimechoka. Nitakusamehe, lakini si leo." Na ndivyo ilivyokuwa. Alimaliza dawa tarehe 23 Februari 2017, bila kukosa hata siku moja, makohozi yakawa safi, na mwezi Aprili akaja Hombolo mwenyewe, akashuka mbele ya nyumba yangu na kikapu cha maembe makavu, akasema, "Nimekuja kukusamehe, lakini kwa sharti. Ulinidanganya kwa siri, utasema hadharani. Nikitangulia mimi, wewe ndiye utakayesoma historia yangu, na utaisoma yote. Ukitangulia wewe, nitaisoma mimi, tena kwa maneno makali zaidi." Tukacheka. Ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa.

Ndugu waombolezaji, nisingependa mdhani kwamba miaka iliyofuata ilikuwa ya majonzi. Mwezi Mei 2018, baada ya kupimwa tena na tena, Daktari Evelina alimwanzishia dawa nyingine, ambayo haigusi TNF bali inazuia habari nyingine, iitwayo IL-6, ambayo nayo ilikuwa ikichochea moto uleule wa viungo, na ingawa vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena, vilivyobaki nane vilitosha, alisema mashine ina vitufe sita tu. Alirudi darasani Julai 2018, na tangu mwaka huo hadi huu wanafunzi wake kumi na tisa wamefika sekondari.

Na alipata kazi ya pili, ambayo hakuajiriwa kuifanya. Alianza kuwafuata wahudumu wa afya wanaotafuta wagonjwa wa TB vijijini, Buigiri, Hombolo, Kibakwe, mpaka Kondoa kwetu, akisimama mbele ya watu na ile mikono yake, akisema, "Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyefichwa. Nyumbani kwenu kulikohoa nani?" Wa kwanza kumjibu alikuwa jirani yetu wa Mnenia, Bi Rukaya, ambaye mume wake alikuwa akijitibu kwa mizizi ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, mume akatibiwa, akapona, na watoto wao watatu wakapewa vidonge vya kuviua vijidudu vilivyolala, ambavyo kama vingepatikana kwa Nasma mapema tusingeyasimulia haya. Bi Rukaya yupo, na wale watoto wapo, mmoja wao ndiye aliyebeba viti asubuhi hii. Marehemu na Mwalimu Ruthu waliandika pia kijitabu cha kurasa kumi na nne kwa nukta nundu, kinachoeleza kifua kikuu, kinga ya mwili na habari zake, ili asiyeona asisubiri kusomewa jambo linalohusu pumzi yake mwenyewe. Nakala yangu siwezi kuisoma, lakini nimeitunza.

Tarehe 5 Februari 2022 Hashimu alipata binti, na familia ilipokusanyika kumpa jina, marehemu alisema aitwe Kuluthumu. Wazee wengine walisita, wakasema jina la mtu aliyekufa kwa maradhi yale linatia mkosi, akawaambia, "Mama yangu hakuwa maradhi. Alikuwa mtu, alikuwa na jina, na jina lake zuri." Kuluthumu ana miaka mitatu na miezi minane, mnamsikia anavyopiga kelele kule nyuma, mwacheni.

Daktari aliwahi kutuonya kwamba uvimbe wa miaka mingi, hata ukishatulizwa, huwa umekwishaacha alama katika mishipa ya moyo. Jumatano ya tarehe 8 Oktoba 2025, baada ya kipindi cha tatu, marehemu alihisi kubanwa kifuani, akakaa, akamwambia Mwalimu Ruthu, "Malizia hili zoezi, wamebakiza maswali mawili," akapelekwa hospitali, akapokewa kwa haraka na kutibiwa kwa bidii zote, akazungumza na mume wake na watoto wake, na Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kutoka siku ile ya Agosti 2016 ambayo nilidhani nimemuua mpaka jana, Mwenyezi Mungu alimwongezea miaka tisa, na hakuna hata mmoja alioupoteza.

Familia inamshukuru Daktari Evelina na wauguzi wote waliomhudumia kwa miaka kumi, inawashukuru walimu, watumishi na wanafunzi wa Buigiri waliokesha nasi kwa dua na kwa nyimbo, kila mtu kwa dini yake, inawashukuru wahudumu wa afya ya jamii aliotembea nao vijijini, wafanyabiashara wenzake Jamaldini waliofunga maduka yao leo, majirani wa Chamwino waliopika, waliochota maji na kutandika mikeka, ndugu wa Mnenia na Kondoa, na kila mmoja ambaye siwezi kumtaja kwa jina, kwa kuwa muda wa kwenda kumswalia umefika.

Neno langu la mwisho si la marehemu, ni langu. Tukirudi kutoka makaburini, binti yake Asma atakaa pale upande wa jiko, penye kivuli, na daftari na vikopo vya makohozi, kwa ruhusa ya baba yake na ya sheikh. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayekohoa na mmekubaliana kusema ni pumu, au kulikuwa naye miaka mingi iliyopita na watoto wake bado wapo, huna haja ya kunyoosha mkono sasa, wala huna haja ya kusema kwa sauti, nenda ukae kwenye mkeka ule. Mimi nitakuwa nimeketi hapohapo karibu na Asma mpaka magharibi, ili yeyote atakayeona aibu amwone kwanza mzee aliyewahi kuona aibu kuliko yeye, apate nguvu ya kusogea.

Nasma, mdogo wangu, nimesoma yote. Pumzika sasa, Mola akupokee kwa rehema zake kama ulivyowapokea watoto wa watu, na sisi sote ni wake na kwake tutarejea.